Katriji Zangu za Zamani Zinapoteza Hifadhi: Nitumie Emuleta au Nisubiri Michezo Itolewe Upya?

*“Nimekuta sanduku lenye katriji 13 za mashine za mkononi za Nintendo, Game Boy na Game Boy Advance, ambazo mimi na dada yangu tulizichezea utotoni. Pokémon Red inafunguka, na bado inaonyesha jina la dada yangu pamoja na saa 140 alizocheza. Pokémon Gold inacheza vizuri, ila nikiizima kila kitu kinapotea. Pokémon Emerald inaandika kwamba betri yake imekwisha, kwa hiyo naona nayo imekufa. Ningependa mwanangu wa miaka sita aijue michezo hii, lakini sijui njia iliyo sahihi. Rafiki mmoja ananiambia nipakue emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya michezo, kwenye simu, mwingine anasema huo ni wizi, na wa tatu anasema ninunue kile kifaa chenye maelfu ya michezo ndani yake. Au nisubiri watengenezaji waitoe upya? Mashine yetu ya Game Boy Advance ingali inawaka, ingawa kioo chake kina giza mno.”*

Ndugu msomaji, swali lako limebeba mambo mawili, na ni vyema tuyatenganishe mapema. La kwanza ni namna ya kumchezesha mwanao michezo ya zamani, yaani kwa mashine ipi, kwa programu ipi na kwa haki gani. La pili ni zile saa 140 za dada yako zilizomo ndani ya Pokémon Red. La kwanza linaweza kungoja mwaka mzima bila kuharibika kitu. La pili haliwezi kungoja, kwa kuwa linategemea betri ndogo ambayo umri wake umekwisha kupita. Kwa hiyo, kabla hujanunua chochote, toa nakala ya hifadhi hiyo, yaani maendeleo ya mchezaji yaliyotunzwa ndani ya katriji, na mpaka utakapoitoa iweke katriji mahali ambapo mwanao haifikii. Kuiwasha hakuidhuru, hatari ni mtoto kuanza mchezo mpya kisha akahifadhi juu ya ule wa zamani, maana katriji hiyo ina nafasi ya mchezaji mmoja tu.

Nikueleze kilichomo ndani ya katriji, kwa sababu ukikielewa, tabia za katriji zako tatu hazitakushangaza tena. Mchezo wenyewe uliandikwa kiwandani katika chipu isiyohitaji umeme ili kukumbuka, na ndiyo sababu Gold inacheza vizuri hadi leo. Maendeleo ya mchezaji huwekwa kwingine, katika chipu ya kumbukumbu inayosahau mara tu umeme unapokatika. Ili isisahau, watengenezaji waliweka pembeni yake betri ya duara ya volti 3, inayofanana na ya saa ya mkononi, ambayo kazi yake ni kuilisha chipu hiyo umeme kidogo sana mchana na usiku, hata katriji ikiwa kabatini. Mzigo ni mdogo kiasi kwamba betri hudumu miaka 15, 20, pengine 25. Pokémon Red ilitoka Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1998. Ukihesabu, utaona kwamba hifadhi ya dada yako ipo kwa bahati njema tu.

Gold ilitangulia kupotea, ingawa ni mdogo wa Red, kwa sababu ina saa ndani yake. Mchezo huo unajua usiku na mchana na siku za wiki, na saa hiyo hutembea saa zote kwa kutumia betri ileile inayotunza hifadhi. Betri moja yenye kazi mbili huchoka mapema. Hifadhi iliyokuwamo imekwenda, na nasikitika kusema kwamba hakuna fundi wala programu ya kuirudisha. Katriji yenyewe hata hivyo ni nzima, na ikipata betri mpya itahifadhi tena kama zamani.

Emerald umeihukumu kabla ya wakati wake. Ujumbe ule unasema tu kwamba betri ya ndani imekwisha, kwamba mchezo unaweza kuendelea, na kwamba matukio yanayofuata saa hayatatokea tena. Kufikia mwaka 2004 mchezo huo ulipotoka Japani, hifadhi ilikuwa imehamishiwa kwenye chipu ya aina nyingine, inayokumbuka bila umeme, na betri ikaachiwa saa peke yake. Cheza, hifadhi, zima, washa: utakuta kila kitu mahali pake. Kitakachokosekana ni vitu kama matunda yanayoota kadiri siku zinavyopita.

Sasa tuiokoe Red. Kipo kifaa kidogo kinachoitwa kisomaji cha katriji, ambacho huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Unachomeka katriji, programu yake inasoma, na baada ya muda mfupi unapata mafaili mawili: moja ni mchezo, jingine ni hifadhi. Faili la hifadhi la Red lina kilobaiti 32, dogo kuliko picha yoyote uliyopiga kwa simu yako leo. Kabla ya kuchomeka, safisha meno ya shaba yaliyo mdomoni mwa katriji kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti ya isopropili, kisha uache yakauke. Pamba ya kwanza itatoka nyeusi, ya pili kijivu. Endelea mpaka itoke nyeupe. Usipulize kwa mdomo kama tulivyozoea utotoni, kwani unyevu wa pumzi ndio unaoleta kutu kwenye meno hayo, na kilichokuwa kikisaidia hasa ni kule kuichomoa katriji na kuichomeka upya. Soma mara mbili na ulinganishe matokeo: mafaili ya mara ya kwanza na ya pili yakifanana baiti kwa baiti, usomaji ni safi. Kisha fungua faili hilo kwenye emuleta na uhakikishe kwamba jina na saa 140 vinaonekana. Usipofanya ukaguzi huo huna nakala, una matumaini tu.

Nasisitiza kwa sababu niliwahi kukosea. Jamaa yangu aliniletea katriji abadilishiwe betri, nami kwa haraka nikaitoa ile ya zamani nikidhani hifadhi ingevumilia dakika chache. Haikuvumilia hata kidogo. Nilipoiwasha tena, mchezo ulinikaribisha kama mgeni, na safari yote ya utoto wake ilikuwa imefutika. Tangu siku hiyo siigusi betri kabla sijaliona faili la hifadhi likifunguka mbele ya macho yangu.

Baada ya hapo ndipo swali la emuleta linapofaa kujibiwa, na kwanza nikuondolee dhana kwamba emuleta ni wizi. Emuleta ni programu inayojifanya mashine. Game Boy ya mwaka 1989 ina kichakataji kinachopiga mapigo 4,194,304 kwa sekunde na kioo chenye nukta 160 kwa 144. Kila mstari wa picha huchukua mapigo 456, na picha nzima, pamoja na pumziko dogo mwishoni, ni mistari 154, yaani mapigo 70,224. Gawanya, utapata picha zipatazo 59.73 kwa sekunde. Emuleta nzuri huhesabu mapigo hayo na kuhakikisha kila kipande cha mashine kinafanya kazi yake katika pigo linalostahili. Emuleta ya mkato huchora mstari mzima kwa mkupuo mmoja, kisha inashindwa pale mchezo unapobadilisha rangi mstari ukiwa haujaisha, na hapo ndipo unapoona sehemu za picha zikimetameta au kukatika. Hiyo ndiyo tofauti kati ya emuleta zinazosifiwa, kama SameBoy na mGBA, na nyingine nyingi.

Nchini Marekani, mahakama ya rufaa iliamua mwaka 2000, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, kampuni iliyotengeneza emuleta ya PlayStation, kwamba kuchambua mashine ya mwenzako ili utengeneze emuleta inayojitegemea kulikuwa matumizi halali. Watengenezaji wenyewe hutumia emuleta: michezo ya Game Boy iliyoletwa kwenye huduma ya Nintendo Switch Online mwezi Februari 2023 huendeshwa kwa emuleta ya kampuni yenyewe. Swali la haki linahusu faili la mchezo. Mchezo una hakimiliki, na hakimiliki haiishi kwa sababu katriji imeacha kuuzwa. Yale maneno kwamba unaruhusiwa kukaa na nakala kwa saa 24, au kwamba mchezo uliotelekezwa ni wa wote, hayana msingi katika sheria. Nchini Marekani kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni hulindwa miaka 95 tangu kuchapishwa, kwa hiyo mchezo wa mwaka 1989 utalindwa hadi mwisho wa 2084.

Nakala uliyoisoma mwenyewe kutoka katriji uliyoinunua iko kwenye ardhi imara zaidi, ingawa sheria za kunakili kwa matumizi binafsi hutofautiana kati ya nchi na nchi, na wa kukupa neno la mwisho ni mwanasheria wa mahali ulipo. Katriji za Game Boy na Game Boy Advance zina nafuu moja: yaliyomo hayajafungwa kwa usimbaji wa siri, kwa hiyo kuzisoma si kuvunja kufuli. Kwenye mashine za karibuni mambo ni tofauti kabisa. Mwezi Machi 2024 watengenezaji wa Yuzu, emuleta ya Nintendo Switch, walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4 na kuifunga kazi yao, na kiini cha madai kilikuwa kufungua ulinzi wa michezo iliyokuwa ingali sokoni. Rafiki yako anayesema “huo ni wizi” huenda amesikia habari hiyo akaitandaza juu ya kila emuleta.

Kuhusu kusubiri matoleo mapya, naunga mkono kwa moyo wote kuyanunua yanapopatikana, lakini singekushauri uyategemee peke yake. Mwezi Julai 2023 taasisi ya Video Game History Foundation, ikishirikiana na Software Preservation Network, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 haikuwa ikiuzwa tena kwa njia ya kawaida. Kwa Game Boy na ndugu zake hali ilikuwa mbaya zaidi: iliyokuwa ikipatikana haikufika asilimia 6. Sababu zake si uvivu wa kampuni peke yake. Mchezo wa mpira una majina ya wachezaji waliolipwa kwa msimu mmoja. Mchezo wa filamu unahitaji ruhusa ya wenye filamu. Studio ilifungwa na haijulikani nani amerithi haki. Maandishi asilia ya programu yalipotea. Mingine ilitegemea kitu kilichofungwa ndani ya katriji yenyewe. Boktai, ya Game Boy Advance, ilikuwa na kihisi cha mwanga wa jua, na mchezaji alilazimika kutoka nje ili silaha yake ijae nguvu. Mchezo wa namna hiyo unautoaje upya kwenye runinga ya sebuleni?

Pale kazi inapofanywa kwa uangalifu, toleo jipya huwa zuri kweli. Castlevania Advance Collection ya mwaka 2021 na Mega Man Battle Network Legacy Collection ya mwaka 2023 zilichukua michezo ya asili bila kuibadilisha sura, na hiyo ya pili ikaweka mtandao mahali pa ule waya tuliounganishia mashine mbili. Link’s Awakening unaweza kuicheza katika toleo la rangi la mwaka 1998 lililomo kwenye usajili wa Nintendo, au katika toleo lililojengwa upya kuanzia chini mwaka 2019. Kwangu ni michezo miwili tofauti, na mwanao anastahili kuiona yote. Kumbuka tu kwamba usajili ni kukodi. Gold ilitolewa kwa Nintendo 3DS mwaka 2017, duka la mashine hiyo likafungwa tarehe 27 Machi 2023, na ambaye hakuinunua kabla ya siku hiyo hawezi kuinunua hapo tena. Katriji zako hazifungwi na mtu, na sababu hiyo pekee inatosha kuzitunza.

Kile kifaa cha maelfu ya michezo sikupendekezei. Michezo iliyomo imenakiliwa bila idhini ya mwenyewe, na hata ukiweka suala hilo kando, ubora wake huwa wa kusikitisha. Nilichokichunguza mimi kilikuwa na mchezo mmoja uleule chini ya majina manne, mingine ilikuwa nakala zilizochezewa zenye kukwama katikati, na hifadhi zote zilikuwa kwenye kadi ya kumbukumbu dhaifu iliyokufa ndani ya miezi michache. Lakini tofautisha sanduku na kilichomo. Mashine ndogo ya mkononi yenye vitufe halisi, inayouzwa tupu, ambayo utaijaza mwenyewe kwa nakala za katriji zako na kadi nzuri, ni chombo kizuri sana kwa mtoto. Ni bora kuliko simu, kwa sababu vitufe vilivyochorwa kwenye kioo havionekani kwa vidole, na mtoto wa miaka sita hutazama vidole vyake badala ya mchezo. Simu inatosha kwa kujaribia. Hata iPhone, ambayo kwa miaka mingi ilizikataa emuleta kwenye duka lake, inazikubali tangu Aprili 2024. Zipo pia mashine kama Analogue Pocket, ya mwaka 2021, zinazomeza katriji halisi na kuiga saketi ya zamani kwa chipu inayopangwa upya. Ni nzuri, ila usikubali kuambiwa kwamba hizo si uigaji. Ni uigaji uliofanywa kwa vifaa badala ya programu, na ubora wake unategemea vilevile uangalifu wa aliyeipanga.

Game Boy Advance yako usiitupe. Giza la kioo si ugonjwa: mashine ya mwaka 2001 ilitoka kiwandani bila taa yoyote, na watengenezaji wa michezo walikoleza rangi makusudi ili zionekane. Ndiyo maana mchezo huohuo kwenye kioo cha kisasa hung’aa kupita kiasi, na emuleta nzuri zina mpangilio wa kurekebisha rangi unaofaa kuwashwa. Fundi anaweza kukuwekea kioo kipya chenye mwanga, na utabaki na mashine inayocheza katriji zako zote 13. Ukishawishiwa kununua Nintendo DS badala yake, jua kwamba ile ya mwanzo hupokea katriji za Game Boy Advance lakini si za Game Boy, na DSi haipokei hata hizo.

Uamuzi wangu, basi, ni huu: soma katriji zote 13, mpe mwanao nakala kwenye mashine yenye vitufe, nunua matoleo rasmi ya michezo ambayo huna, na katriji za asili zitoke sandukuni mnapokuwa pamoja. Jambo moja la kumfundisha mapema ni tofauti kati ya hifadhi ya mchezo wenyewe na ile picha ya papo hapo ambayo emuleta hukuruhusu kuipiga popote. Ukirudisha picha ya wiki iliyopita, inarudi pamoja na hifadhi ya wiki iliyopita, na mkihifadhi tena, kazi ya wiki nzima imefunikwa. Ahifadhi kwanza ndani ya mchezo kila mara; picha ya papo hapo iwe ya dharura.

Kuna kazi ambazo singependa uzifanye peke yako. Betri ya katriji imeunganishwa kwa vipande vya chuma vilivyochomelewa juu yake, na ukipeleka moto wa kulehemu moja kwa moja kwenye betri ya lithiamu inaweza kupasuka. Kama hujawahi kulehemu, mpelekee fundi wa vifaa vya elektroniki, na umwombe mambo mawili: atumie betri mpya yenye vipande vyake tayari, na asome maandishi juu ya ile ya zamani, kwa kuwa baadhi ya katriji hutumia CR1616 na nyingine CR2025. Mpelekee vilevile katriji yoyote yenye ukungu wa kijani au mweupe ndani, na mashine yoyote ya baadaye, kama PSP, ambayo betri yake imevimba. Hiyo usiichaji, usiitoboe, usiikandamize ili irudi mahali pake. Betri za duara zilizotolewa zifungwe kwa utepe wa gundi pande zote mbili na ziwekwe juu kabisa, mtoto asipofikia. Mtoto akimeza moja, au ukishuku tu kwamba ameimeza, usingoje dalili: mkimbize hospitali saa hiyohiyo, kwa maana inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili.

Red ikirudi kwa fundi ikiwa na betri mpya, itakuwa tupu, nawe usishtuke. Ichomeke kwenye kisomaji kilekile, safari hii ukichagua kuandika badala ya kusoma, na uirudishie lile faili la kilobaiti 32. Kisha iweke kwenye Game Boy Advance na uiwashe. Jina la dada yako litakuwepo, pamoja na saa zake 140. Mtumie na yeye nakala ya faili hilo.